Dawa Iliyovuliwa Ganda

Nizwa, 24 Januari 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Tangu nirudi Nizwa sauti moja haijanitoka masikioni: mfereji wa chooni kwako, umefunguliwa kwa nguvu zote, maji yanamwagika bure. Wewe uliyetufundisha kutawadha kwa kopo moja! Nilikuwa nimesimama ukumbini nangoja kukuaga. Nikasikia yale maji, na chini yake nikasikia kile ulichotaka maji yakifiche. Ukatoka umejitanda mtandio, uso umekauka, ukaniambia, "Wewe bado hujaondoka?"

Hali yako vipi? Usinijibu alhamdulillahi peke yake. Mimi ni mzima, kazi inakwenda, nakula.

Sikuuliza pale mbele ya watu, na kwenye simu siwezi. Khalati Lamees, mke wa Mjomba Hamood, huwa karibu yako na watoto wake hukufungulia spika. Ndiyo maana nakuandikia kwenye karatasi, kwa Kiswahili ulichonifundisha mwenyewe. Lamees ni Mwarabu wa hapa hapa, yeye na wanawe huambulia neno moja moja tu, kukisoma hawawezi. Mjomba Hamood anakisema, lakini hana subira ya kukisoma. Nabhan wa jirani yenu anafanya kazi hapa Nizwa na hurudi Ibra kila Alhamisi. Atakupa barua mkononi.

Kazi yangu unaijua. Maabara tunawavimbisha panya matumbo kwa makusudi, kisha tunajaribu kuwaponya. Tunalinganisha dawa za mizizi za Wakorea, zile nilizozisomea kule Daegu, na virutubisho vinavyouzwa kwenye makopo madukani. Kutwa nasoma dalili za utumbo uliovimba. Siku ile nilizisikia zote nyuma ya mlango wako.

Niambie, Bibi.

Mjukuu wako,
Azza


Ibra, 26 Januari 2024

Mjukuu wangu Azza,

Marahaba. Kwanza nikugombeze: mtoto gani anasimama kumsikiliza bibi yake chooni? Na mtoto gani anamfananisha bibi yake na panya? Haya, nimeshakusamehe. Nabhan nilimwekea chakula kwanza, akishughulika kula, ndipo nikafungua barua yako, asije akaniona uso.

Kweli mwanangu, naumwa. Tangu mavuno ya tende yaliyopita natoka damu. Hospitali walinipitisha mpira wenye kamera, aibu ambayo sikuipata hata siku za kuzaa, wakasema utumbo mpana umevimba na una vidonda. Wakanipa kapsuli za kumeza kila siku. Sioni tofauti. Hamood anadhani nakwenda kwa ajili ya macho. Ananishusha mlangoni, anakaa garini na simu yake, hajui hata kliniki ya macho iko upande gani.

Sasa nikwambie lililoniuma kuliko tumbo. Wanawake wetu tuliotoka Unguja, akifariki mmoja hapa Ibra, ni mimi ninayemwosha. Unalijua hilo tangu mdogo. Alipofariki Bi Wadha waliniita. Nilikuwa nimeshamtia maji ya mkunazi ya mwanzo, na tumbo likanishika. Nikawaachia maiti wale wasichana wawili waliokuwa wakinisaidia, nikatoka mbio. Nimekaa huko chooni nawasikia: "Sasa tuanzie wapi?" "Mimi nijue wapi? Wewe uliza." Bi Wadha, niliyekuja naye nchi hii tungali wasichana, kalala juu ya kitanda nusu kaoshwa. Tangu hapo wakiniita nasema mgongo.

Sitaki kuongezewa umri, Azza. Nataka tumbo litulie, nimwoshe mtu tangu mwanzo mpaka mwisho. Hao Wakorea wako wana nini?

Na usimwambie mtu. Mama yako huko Sur ana presha, na Hamood ndiyo kabisa.

Bibi yako,
Ghanima


Nizwa, 31 Januari 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kazini, nikajifungia stoo ya chakula cha panya mpaka macho yakakauka. Umelala? Umekula? Lamees anakupikia vyakula laini au bado anakutilia pilipili?

Umeuliza Wakorea wana nini. Daegu kuna mtaa mzima unaonuka mizizi inayochemka. Mganga wao haishii kukuuliza unaumwa wapi. Anakuuliza mikono yako ni baridi au moto, unakunywa maji mengi au machache, anakushika mshipa wa mkono muda mrefu. Kisha anachanganya mzizi mchungu wa manjano, ganda la chungwa la zamani, tangawizi, na ule mzizi mtamu ambao ulisema mkiutafuna utotoni. Vinachemshwa mpaka maji yanakuwa meusi, yanafungwa kwenye pakiti. Virutubisho ni kinyume chake. Kila kitu kimetolewa peke yake na kusafishwa: manjano bila ya mchuzi, mafuta ya samaki bila ya samaki, bakteria wazuri waliokaushwa wakawa unga.

Na ukweli wa panya wetu ni huu: vyote viwili vinapunguza uvimbe, lakini kidogo. Hakuna kilichoifikia dawa ya hospitali. Tena panya si mtu. Kwa hiyo usiziache kapsuli za daktari hata siku moja.

Nakuletea makopo mawili, bakteria na manjano, nayo ni kapsuli. Mwonyeshe daktari kwanza. Haya ndiyo yaliyojaribiwa kwa watu wengi zaidi. Mizizi ya Wakorea tuiweke kando kwa sasa.

Mjukuu wako,
Azza


Ibra, 1 Machi 2024

Azza mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, watoto wana mafua. Daktari aliyageuzageuza makopo yako akasema hayana ubaya. Nimeyamaliza. Ubaya hayana, na wema hayana. Damu ni ile ile, na hayo manjano yamenipaka ulimi kama mpishi wa biriani. Lamees aliniuliza nimekula nini kwa siri.

Lete mizizi. Mtu aliyezika mume na ndugu haogopi maji machungu.

Bibi yako


Nizwa, 6 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu kwa huo ulimi wa biriani, watu wakanitazama.

Nimempigia daktari wako mwenyewe. Amekubali kwa masharti: uendelee na kapsuli zake, na akupime damu kila baada ya muda aone ini halidhuriki. Pakiti ninazo, zimetoka Daegu na mwenzetu aliyerudi juzi. Chovya pakiti kwenye maji ya moto, kata ncha, kunywa. Moja asubuhi, moja jioni. Ramadhani imekaribia na daktari amekukataza kufunga. Najua unavyokunja midomo ukisoma hapa. Nakuomba umsikilize.

Sijui kama itakusaidia. Naandika hivi makusudi ili usitegemee sana, na ili mimi nisitegemee.

Mjukuu wako,
Azza


Ibra, 29 Machi 2024

Azza, Azza, roho yangu,

Marahaba mia. Nimekaa barazani nakuandikia, na tangu alfajiri sijakimbilia popote. Maji yako ya Kikorea yananuka kama kiatu kilicholoa mvua, lakini yamefika! Damu imekata. Na nimewasikiliza, sikufunga. Nakula jikoni nimejificha kama mwizi, Mungu anaona.

Sikiliza. Juzi walinipigia, amefariki bibi mmoja wa kwetu. Nikasema nakuja. Nimemwosha, Azza. Mwanzo mpaka mwisho. Nimemsuka nywele mikia mitatu, nimemtia kafuri, nimemvika sanda kwa mikono yangu hii, na wale wasichana nikawaonyesha kila kitu taratibu. Nilipotoka nje nilijikuta natabasamu, nikaona haya, maana ni nyumba ya msiba.

Jioni Lamees akaniuliza, "Ummi, mbona leo unaimba?" Nikamwambia macho yamepona.

Hizi kapsuli za hospitali sioni kazi yake. Niziache?

Bibi yako


Nizwa, 3 Aprili 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Usiziache. Nakusihi, usiziache.

Baada ya hilo, niache nifurahi. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Nilimweleza mkuu wetu wa maabara, bila ya kutaja jina lako. Nikamwambia: mtu ni huyo huyo, ugonjwa ni huo huo, virutubisho havikumsaidia, mizizi imemsaidia. Yeye ni mtu wa baridi. Akauliza, "Una hakika alivitumia vyote sawasawa?" Nikamjibu, "Bibi yangu hakosei hata rakaa." Hapo siri ikanitoka, akacheka.

Ananiambia mtu mmoja si ushahidi, nami nawaambia hivyo hivyo wanafunzi. Lakini moyoni, Bibi, nimeshaamua kipi bora. Nimepanga kuandika mpango mpya wa utafiti juu ya ule mchanganyiko tu. Nimeshaagiza pakiti nyingine.

Mjukuu wako,
Azza


Nizwa, 26 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Tangu Aprili sikupata barua yako. Kila Jumamosi Nabhan alirudi na neno lile lile: "Anasema hajambo, ana shughuli." Kisha nikaja Idi Kubwa, nikaiona shingo yako ilivyokonda, nikajua damu imerudi.

Nataka kuyaandika yaliyopita jikoni siku ya pili ya Idi, kwa sababu tuliyasema kwa kunong'ona na Lamees akaingia na sinia la nyama ya shuwa tukakatiza. Niliingia kutafuta chumvi. Kinu chako cha iliki kilikuwa mezani, na pembeni yake kikombe cha kahawa kimejaa maganda matupu, mepesi, yanang'aa.

Nikakuuliza, "Haya nini?"

"Ngozi."

"Ngozi ya nini?"

"Ya mnyama asiyetajwa siku ya Idi," ukasema, ukacheka. Mimi sikucheka.

Ukanieleza. Kwenye darsa la wanawake, mwaka jana, mtu alisema kapsuli zote ganda lake linatokana na nguruwe. Tangu siku ile unazifungua moja moja. Unamwaga zile chembe kwenye kinu, unaziponda, unakoroga na asali. Za hospitali. Na za makopo yangu pia. Hukuniambia, ukasema, "ili usije ukaona haya kwamba ulikuwa unamlisha bibi yako haramu." Ulinisitiri, Bibi. Ulidhani unanisitiri.

Ganda lile na ule mfuniko wa kila chembe ndivyo vinavyoibeba dawa. Vimetengenezwa visiyeyuke mpaka vifike kwenye utumbo mpana, penye vidonda. Ukivivua na kuponda, dawa inaishia juu tumboni, haifiki. Zaidi ya nusu mwaka umekuwa unameza asali. Bakteria wangu nao walikufa kwenye asidi ya tumbo. Pakiti za Wakorea hazina ganda, kwa hiyo hizo tu ndizo ulizozitumia kama zilivyo, nami nikazisifu. Nililinganisha kilichofika na kilichomwagika njiani, nikaita matokeo. Tena ulinitajia ulimi! Aliyemeza kapsuli nzima ulimi wake hauwi wa manjano. Nililisoma hilo, na nilichofanya ni kucheka.

Nimewapigia waliotengeneza dawa ya hospitali. Ganda lao linatokana na mimea.

Nafuu ya Machi, daktari anasema ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Pengine mizizi ilisaidia, pengine ulikuwa wakati wake wa kushuka. Hatutajua.

Jumapili nakuja kukupeleka hospitali. Mwambie Mjomba ni macho.

Mjukuu wako,
Azza


Ibra, 26 Julai 2024

Mjukuu wangu Azza,

Marahaba. Hati yangu imekuwa mbaya. Utanisamehe.

Kwanza acha kujiandama. Wewe hukuniambia nivue maganda. Mimi nilitaka dawa safi tu, basi. Nani angedhani usafi utanifanyia hivi?

Ulimsikia daktari kama nilivyomsikia. Zile dawa kali za mwezi huu nimezimeza nzima kama ulivyoniamuru, nimevimba uso kama andazi, na uvimbe haukushuka. Anasema utumbo umekuwa mwembamba kama karatasi. Ukitoboka, sitapata nafasi ya pili. Wautoe wote, wanitoboe tumboni, nivae mfuko wa choo. Ukanishika mkono ukamjibu badala yangu: "Bibi atakubali." Bibi hajakubali.

Umemwuliza sheikh, amekwambia mwenye udhuru anatawadha kwa kila sala na sala yake inasihi. Mwanangu, hilo nalijua kabla mama yako hajazaliwa. Si sala inayonizuia.

Nimewaosha wanawake wetu karibu wote. Mwoshaji hasemi alichokiona, nami sijasema, na hapa nitakutajia bila ya jina. Palikuwa na mmoja, alikatwa titi Maskati na hakumwambia hata dada yake. Tulipomfunua, wasichana walionishikia maji walitazamana. Mara moja tu, wakainamisha macho, wala hawakusema neno mpaka leo. Sijasahau kule kutazamana. Yule mama aliishi akijificha maisha yake yote, na mwisho wa yote akapatikana pale, hana mkono wa kujifunikia. Zamu yangu ikifika sitaki watazamane. Nataka kulala pale kama nilivyozaliwa. Ikiwa ni mapema, ni mapema.

Utaniambia ni kiburi. Huenda. Ni changu.

Usimwambie Hamood. Akijua atakuja kulia mbele yangu, na mimi tangu yuko mdogo sijawahi kumkatalia kitu yule mtoto akilia. Wewe unalijua hilo, mlikua nyumba moja. Mlango wa kunishinda ni huo mmoja, nawe ufunguo unao. Nakuomba usiufungue.

Nimekulea, sikuwahi kukuomba kitu. Nakuomba hiki.

Bibi yako,
Ghanima


Ibra, 1 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya duka la Mjomba. Hukujua kwamba nimekuja.

Nilijaribu kukutii. Nataka ulijue hilo hata kama halibadilishi kitu. Niliandika barua ya kukubali, nzuri, ya adabu, nikaeleza kwamba mwili ni wako na kwamba umewahudumia wengi na una haki ya kuchagua utakavyolala. Niliyaamini niliyoyaandika, na bado nayaamini. Nilipofika mahali pa kuandika "nitanyamaza" kalamu ilisimama, nikaanza upya, ikasimama tena. Tangu Jumamosi nimekuwa hivyo. Panya wamekaa bila ya kupimwa na mwenzangu amenishikia kazi.

Nimesoma ulichoandika juu ya kutazamana. Sitakudanganya kwamba hawatatazamana.

Asubuhi hii niliingia dukani. Mjomba alikuwa anahesabu plagi za magari. Akaniona akacheka, "Heee, Daktari! Umepata mchumba unaogopa kumwambia bibi yako?" Nikamwomba afunge mlango. Nikamweleza kwa Kiarabu, kwa sababu kwa Kiswahili ningekuwa nasikia sauti yako. Nikamwambia mama yake haugui macho. Nikamweleza damu, kamera, maganda, daktari, mfuko. Kila kitu. Na kwamba umekataa, na kwa nini, ila habari ya yule mama sikuigusa, hiyo ni amana yako.

Alikaa juu ya boksi la chujio za mafuta. Mwanzoni hakulia. Akasema, "Mimi namngojea garini. Namngojea garini, Azza, nasikiliza mpira." Halafu akalia kama ulivyosema angelia.

Sasa hivi amekwenda hospitali kumwona daktari na kukuwekea nafasi ya upasuaji Jumapili. Baada ya Alasiri atarudi nyumbani. Hatakulazimisha, nimemwapisha. Atakaa chini mbele yako tu. Wewe utakubali, na mimi nililijua hilo nilipoushika mlango wa duka lake.

Nabhan amechukua likizo leo. Nitampa barua hii sasa, akufikishie kabla ya Mjomba, uwe na muda wa kunichukia peke yako chumbani. Sitaingia ndani mpaka uniite. Usiponiita nitarudi Nizwa, na Jumapili nitakuwa hospitali upande wa pili wa ukuta, hata kama hutaki kuniona.

Sikuombi msamaha, kwa sababu ningerudishwa asubuhi ningekwenda tena. Nimemwambia, Bibi. Ameshajua.

Mjukuu wako,
Azza